Hivi kwanini "historia ya Dar" ya kutembea kwa miguu ni Mjerumani mwanzo mwisho? Wazee wetu walikuwa wanaishi mtini?

Mpita Njia
Wakuu salaam. Jumapili nilijiunga na kikundi kinachozungushwa mjini kwa miguu kuoneshwa majengo ya kihistoria. Tulianzia Old Boma pale Sokoine Drive, tukapita Atiman House, St. Joseph, Posta ya Zamani, Azania Front, tukapanda Azikiwe mpaka sanamu ya Askari, tukashika Samora mpaka Botanical, Makumbusho ya Taifa, tukamalizia Ocean Road ndimi nje. Kijana aliyetuongoza yuko vizuri, tarehe zote kichwani, wala haangalii karatasi.

Sasa kilichonikera ni hiki. Kanisa hili Mjerumani, kanisa lile Mjerumani, hospitali Mjerumani, bustani Mjerumani, reli Mjerumani. Dada mmoja mgeni akauliza sasa wenyeji walikuwa wanaishi wapi, jamaa akanyoosha kidole upande wa Kariakoo akasema "kule", tukavuka barabara tukaendelea na Mjerumani wetu.

Hoja yangu: haya matembezi ni historia ya waliotutawala, sio historia ya Dar. Nani kapanga hii njia na kwanini haivuki Mnazi Mmoja?

Shombe la Feri
Uzi mzuri. Nimekaa mkao wa kula, wajuzi waje.

Chuma cha Reli
Mkuu tuanze kwa kukusahihisha kidogo maana hapo juu umemwaga mchele kwenye kuku wengi. Old Boma sio ya Mjerumani. Ilijengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar 1866-67 kwa ajili ya wageni wake. Atiman House nayo ni ya enzi hizo hizo za Majid, wamisionari wa White Fathers waliinunua baadaye sana, 1922. Mjerumani alipofanya Dar makao makuu 1891 akitokea Bagamoyo haya majengo alikuta yamesimama. Kwahiyo vituo viwili vya mwanzo vya safari yako havina Mjerumani, labda ulikuwa bado unatafuta maji ya kunywa.

Mpita Njia
@Chuma cha Reli hahaha sawa, lakini hujanijibu. Majid naye si alikuja na jahazi? Nauliza mwenyeji, wewe unaniletea mgeni aliyetangulia.

Mkunazini
Hapo kwenye Majid tafadhalini tuheshimiane 😂 Bila ya Mzanzibari nyinyi mngekuwa mnaishi kwenye kijiji cha wavuvi mpaka leo. Tukawajengeeni mji, mwenyewe kafariki 1870 hajaumaliza, akaja ndugu yake Barghash akauachilia ukaota nyasi. Mngemshukuru Majid badala ya kulalama.

Chuma cha Reli
@Mkunazini na Beit el Ajaib mnaisimamisha lini? Maana Desemba 2020 sehemu ilidondoka chini na mko urithi wa dunia tangu 2000. Msije kutufundisha kutunza majengo.

Mkunazini
Hiyo ilikuwa na miaka 137, hata wewe utadondoka.

Binti Upanga
Jamani mnamhamisha mleta mada. Jibu lake ni jepesi tu: kinachobaki ndio kinachooneshwa. St. Joseph imejengwa 1897 mpaka 1902 kwa mawe na chokaa, ipo. Azania Front imeanza 1898, ipo na vigae vyake vyekundu. Hospitali ya Ocean Road 1897, ipo. Nyumba ya Mzaramo ya miti, udongo na makuti hata uitunze vipi haifiki huko. Utamzungusha mgeni umuoneshe nini, hewa? Sio njama, ni udongo.

Mzee wa Gerezani
Binti yangu @Binti Upanga umesema nusu, nami nikuongezee nusu iliyobaki. Huo udongo haukuwa wa bahati mbaya. Mjerumani mwaka 1891 alitoa kanuni za ujenzi, mji ukagawanywa kwa kanda, upande wa bahari inaruhusiwa nyumba ya mtindo wa Ulaya peke yake. Kijiji cha Mzizima chenyewe, cha Washomvi na Wazaramo, kilikuwa ufukweni upande huo huo wa Ocean Road mlikomalizia matembezi yenu. Wakaondolewa, pakawa Uzunguni. Katikati Uhindini, huku nyuma Uswahilini. Baadaye ukaja mpango wa kuweka uwanja mtupu katikati ili Uswahilini pasigusane na kwengine, Mjerumani akaupanga na Mwingereza akautekeleza. Ndio hiyo Mnazi Mmoja mnayochezea mpira.

Kwa hiyo huyo kijana aliponyoosha kidole akasema "kule" hakukosea. Alipaswa tu kusema nani aliwapeleka kule, na kwamba pale pale aliposimama kumalizia ndipo walipokuwa mwanzo.

Shombe la Feri
Mzee umeua 🙌 Yaani kituo cha mwisho ndio kilitakiwa kuwa cha kwanza.

Kaka Tembea
Naomba niwe wazi, mimi hii kazi ya kuzungusha watu nimeifanya, sasa hivi niko kwenye mambo mengine. Njia haijapangwa na Mjerumani wala na serikali, imepangwa na jua na vyoo. Mgeni kashuka kwenye meli au kaunganisha ndege, ana masaa matatu. Unamtafutia njia yenye kivuli, yenye pa kukanyaga, yenye sehemu ya kukaa, asiibiwe simu. Kivukoni Front una miti na upepo wa bahari. Samora ina vibaraza vya maduka vyenye kivuli. Ukivuka Bibi Titi kuingia Mnazi Mmoja kivuli kimeisha, ukifika Msimbazi mkokoteni unakupitia mguuni, bodaboda anakupigia honi sikioni, na wewe ndio kwanza unamueleza mtu habari za 1914. Hasikii kitu.

Na wageni wengi wenyewe wanataka wanachokijua. Mjerumani akija anataka aone babu yake alifanya nini. Nilikuwa nikijaribu kuwapeleka Lumumba wanasimama dakika mbili, wanaona jengo la chama lenye bendera, "ok, next". Biashara ni biashara.

Mpita Njia
@Kaka Tembea hapo sasa ndio umenipa jibu la kweli ingawa limenichoma. Kwahiyo historia ya mji inaamuliwa na kivuli.

Kaka Tembea
Na vyoo. Usisahau vyoo.

Mama Ilala
Mimi nalaumu waongozaji, samahani @Kaka Tembea. Wote wamekariri maneno yale yale. Nilipeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita, kijana mmoja (simtaji wala kampuni yake siitaji) akasimama pale Askari akawaambia watoto huyu ni askari wa Mjerumani aliyewekwa na Mjerumani. Watoto wakaandika kwenye daftari! Ikabidi nirudi darasani nianze kufuta. Ile sanamu ni ya Mwingereza, imezinduliwa 1927, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika), kwa ajili ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo Vita ya Kwanza. Mjerumani alishang'olewa mjini tangu Septemba 1916.

Fundi Saa
@Mama Ilala uko sahihi lakini kijana huenda alichanganya na kitu cha kweli. Hapo hapo kwenye ile keepleft kulikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyowekwa Dar 1909. Wissmann kasimama juu, chini yake kuna askari Mwafrika anamwangalia kwa kuinua shingo. Waingereza walivyoingia wakaing'oa. Ikaenda Uingereza, ikarudishwa Ujerumani ikasimamishwa Hamburg nje ya chuo kikuu mwaka 1922, huko nako wanafunzi wakaivuta na kamba wakaiangusha miaka ya 60 mwishoni, mara mbili.

Sasa angalia, sehemu moja, kwanza askari wetu yuko chini anamuangalia bwana, halafu baada ya miaka kumi na kitu yupo juu peke yake na singe mkononi. Hiyo peke yake ni nusu saa ya maelezo na wala sio lazima uvuke Mnazi Mmoja.

Shombe la Feri
Aisee! Miaka yote napita pale kugombania daladala sijawahi kusimama hata kusoma yale maandishi.

Fundi Saa
Kasome. Kuna Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling, wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Nenda asubuhi, mchana chuma kinawaka na askari wa benki wa jirani atakuuliza unapiga picha ya nini.

Ngalawa
Ile singe inaelekea bandarini, mnajua kwanini? Babu alikuwa anatuambia ni kuonesha adui alitokea baharini.

Chuma cha Reli
@Ngalawa mimi niliambiwa inaonesha askari wanakoelekea kupanda meli.

Kivukoni Boy
Mimi niliambiwa ilielekezwa kwa Wazungu kule Kivukoni kimafumbo, mchongaji alikuwa upande wetu 😂

Chuma cha Reli
Mchongaji ni James Alexander Stevenson, Mwingereza. Upande wako wapi tena.

Ngalawa
Babu yangu na Stevenson namuamini babu.

Mwenda Pole 254
Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Nairobi na huku pia tuko na hiyo monumenti ya askari, Kenyatta Avenue, mchongaji ni huyo huyo na maneno ni hayo hayo ya Kipling. Lakini yetu iko na watu watatu, nyinyi mko na mmoja tu. Sijui nani alinunua kwa bei ya jumla.

Kuhusu mada, huku watu wakifanya tua ya taun wanapita Kipande House, imejengwa 1913, hapo ndio Waafrika walikuwa wanaandikishwa kupewa kipande cha kuvaa shingoni. Jengo ni la mkoloni lakini stori inayosimuliwa ni ya shosho na guka, yaani bibi na babu. Kwa hivyo sidhani shida ni majengo. Shida ni unasema nini ukifika.

Mama Ilala
@Mwenda Pole 254 karibu sana, na hapo umeongea point. Chukua Atiman House. Kila mtu anasema "nyumba ya wake za Sultani" halafu mnaondoka. Hakuna anayesema Atiman ni nani! Adrian Atiman alikuwa mtoto mtumwa kutoka upande wa mto Niger, akakombolewa na hao White Fathers, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema ziwa Tanganyika 1889 na akatibu watu huko mpaka alipofariki 1956. Fikiria mtu, miaka karibu 67 kazini sehemu moja. Jina lake liko juu ya mlango na mwongozaji anakuhadithia harem.

Mkunazini
Harem ndio inauza 😅

Mama Ilala
Ndio ugonjwa wenyewe huo.

Wakili Pembeni
Nimechelewa ila naona mmeruka kitu kikubwa, sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Majid kaanza kujenga Dar kwenye miaka hiyo ya 60, Old Boma 1866. Yaani mji mzima umezaliwa upande usiofaa wa tarehe! Kila jengo la Dar linahitaji waziri alitangaze rasmi ndio lilindwe. Na ukitangaza utaanza na nini? Makanisa, maboma, hospitali. Nyumba ya mtu ya Kariakoo ya 1930 nani atakwenda kuipeleka kwa waziri wakati mwenye nyumba mwenyewe anasubiri mwekezaji wa ghorofa kumi?

Binti Upanga
@Wakili Pembeni hii ya 1863 sikuwa naijua. Ila hata yaliyokuwa yanajulikana yaliondoka. Jengo la Salamander pale Samora liko wapi? Hoteli ya Kaiserhof ya Mjerumani imevunjwa, ndio hoteli ya New Africa ya leo. Kwahiyo hata huyo Mjerumani mnayemlalamikia anaisha taratibu.

Mpita Njia
@Wakili Pembeni asante. Lakini sheria inaeleza kwanini nyumba zinavunjwa, haielezi kwanini zile ambazo zipo hazioneshwi. Lumumba ipo. Kariakoo sokoni papo. Karimjee tulipita nje tukaambiwa "hapa palikuwa bunge", basi, sentensi moja.

Mzee wa Gerezani
Hapo sasa tuseme ukweli ambao watu wanauzunguka. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 kwenye ofisi ya African Association mtaa wa New Street, ambao ndio Lumumba. African Association yenyewe ni ya 1929, katika waanzilishi wake ni Kleist Sykes, na watoto wake Abdulwahid na Ally ndio hao waliokuwa mstari wa mbele TANU. Mwalimu alipoacha kufundisha Pugu Machi 1955 na kuingia mjini, alipokelewa Kariakoo, kwa watu, kwenye nyumba za watu. Historia ya uhuru wa nchi hii ilipikwa kwenye baraza za nyumba za vyumba sita, wala sio kwenye kumbi za Kivukoni.

Mkitaka kujua kwanini haisemwi, jiulizeni nani aliandika vitabu vya shule na alitaka nani aonekane. Mimi naishia hapo, nisije nikafungiwa.

Kivukoni Boy
Imeanza 🍿

Chuma cha Reli
Mzee wangu kwa heshima zote, mbona majina yapo? Kipata siku hizi si ni mtaa wa Kleist Sykes? Bibi Titi si ana barabara kubwa kabisa ndio hiyo inayopita pembeni ya Mnazi Mmoja? Kusema wamefichwa ni kuzidisha.

Mzee wa Gerezani
Mwanangu, kibao cha mtaa hakiongei. Simama pale Bibi Titi na Uhuru, uliza vijana kumi Bibi Titi alikuwa nani. Watakujibu kituo cha daladala.

Mama Ilala
Hapo kwa kweli namuunga mkono mzee. Wanafunzi wangu wanamjua daktari Mjerumani Robert Koch alifanya utafiti Ocean Road 1897, hawajui Bibi Titi aliongoza akina mama wa TANU.

Chuma cha Reli
Basi hiyo ni kazi ya mwalimu, na mwalimu ni wewe 😂

Mama Ilala
Nidai ufaulu nikudai mishahara.

Ghorofa Kumi
Mimi nawashangaa. Nimezaliwa Narung'ombe, nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili haswa. Baraza mbele, mlango katikati, korido ndefu, vyumba vitatu huku vitatu kule, nyuma uani kuna jiko, choo na kisima kilichofunikwa bati. Tulikuwa familia tano. Ukipika samaki nyumba nzima mnakula harufu, mtu mmoja akiumwa kuhara wote mnapanga foleni. Baba akapata mtu wa kujenga naye, sasa hivi kuna ghorofa nane na sisi tuna floo yetu. Mnataka tubaki kwenye korido ili mtalii aje apige picha? Nani kati yenu anakaa kwenye nyumba hiyo?

Mpita Njia
@Ghorofa Kumi hakuna anayesema msijenge. Ila hata picha moja ukutani pale chini, "hapa palikuwa na nyumba ya fulani"?

Ghorofa Kumi
Pale chini kuna duka la pazia, ukuta wote una pazia.

Kaka Tembea
Hahaha dah. Lakini ndio uhalisia.

Msanifu Mtaa
Mleta mada nikupe cha kuvuka nacho Mnazi Mmoja. Unatafuta jengo la kihistoria la mwenyeji, jengo kubwa, la zege, haliwezi kuliwa na mchwa: soko kuu la Kariakoo. Kachora Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki, limejengwa miaka ya 70. Ukitazama juu lile paa ni kama miavuli iliyogeuzwa, na sio urembo. Mvua ikinyesha maji yanakusanywa na ile miavuli yanateremka ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi chini ya ardhi. Watu wamenunua nyanya pale miaka arobaini bila kujua wamesimama juu ya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, likafanyiwa ukarabati.

Watu wa fani wanasafiri kutoka mbali kuja kuliangalia hilo jengo. Sisi tunaliona sehemu ya kununulia dagaa. Kwahiyo mimi sikubali kabisa habari ya "kinachobaki ndio kinachooneshwa" ya @Binti Upanga. Limebaki na halioneshwi. Tatizo ni kwamba tumeaminishwa historia lazima iwe na vigae vyekundu na iwe ya kabla ya kuzaliwa bibi yako.

Binti Upanga
@Msanifu Mtaa nakupa moja. Lakini na wewe huelezi kwanini Uhindini hapaoneshwi. Majengo ya mawe, ya zamani, yapo Kisutu, mtaa wa India, Jamatini, na njia ya kawaida inayaruka vile vile. Nimekulia huko. Inua macho juu ya maduka utaona mwaka na jina la mwenye nyumba vimeumbwa kwa plasta juu kabisa ya ukuta, vibaraza vya chuma cha maua, madirisha ya rangi. Chini kiyoyozi kinakudondoshea maji kichwani ndio maana hakuna anayeangalia juu. Na hao sio wakoloni na wala sio Wazaramo. Tuseme ni kivuli? Kivuli kipo. Ni udongo? Ni mawe. Ni sheria? Ikulu yenyewe ilipigwa mabomu na Waingereza 1914 ikajengwa upya 1922 na inatajwa kila siku.

Shombe la Feri
Kimya kimetanda 😂

Wakili Pembeni
Sio kimya, kule kila jengo lina wamiliki saba na kesi tatu. Ukisimamisha kundi la watu mbele ya mlango mwenye duka anadhani umeleta madalali.

Kaka Tembea
Hii ya @Wakili Pembeni nathibitisha. Niliwahi kufukuzwa na mzee mmoja na ufagio.

Fundi Saa
Nikirudi kwenye kazi badala ya lawama, napendekeza njia nyingine. Anzia Stesheni, reli ya kati ilianza kujengwa hapo 1905, ikafika Kigoma 1914. Tembea mpaka Mnara wa Saa...

Ngalawa
Mnara wa Saa wa Malkia?

Fundi Saa
Malkia gani bwana. Ulijengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, Desemba 10, siku moja baada ya uhuru. Niache nimalize. Kutoka hapo ingia Uhuru, Mnazi Mmoja kwenye mnara wa mwenge, vuka Lumumba, ingia Mkunguni mpaka sokoni. Ukitaka kumalizia Magomeni kwenye nyumba aliyokaa Mwalimu panda mwendokasi, imehifadhiwa na watu wanaingia.

Kaka Tembea
Njia nzuri kwenye karatasi. Siku gani? Jumamosi Kariakoo hupiti. Jumapili asubuhi unapita lakini maduka mengi yamefungwa na uhai wenyewe wa mtaa haupo, unaonesha mageti ya chuma.

Msanifu Mtaa
Jumapili bora. Ukifunga maduka ndio unaliona jengo.

Mzee wa Gerezani
Jumatatu. Historia ya Kariakoo ni watu, ukienda wakati watu hawapo umeenda kufanya nini?

Mwenda Pole 254
Mkipanga mniambie, nitakuja na basi ya usiku. Lakini mimi Ikulu pia nataka kupiga picha.

Chuma cha Reli
@Mwenda Pole 254 piga picha Ikulu ndio utaijua historia ya Dar kwa undani, na utalala hapa hapa bure.

Mama Ilala
Mimi nitaleta darasa zima la sita, wako 60 na kitu. @Kaka Tembea turudi kwenye lile swali lako la muhimu, kutoka Stesheni mpaka sokoni choo cha kueleweka kipo wapi?

Kaka Tembea
60 na kitu?! Mwalimu, hiyo sio ziara, hayo ni maandamano, anza kwa kuomba kibali polisi. Vyoo vya kulipia vipo stendi na sokoni, beba chenji.